Nina miaka 33 na bega linasumbua: niendelee kudaka au nifundishe makipa?

*"Shikamoo kocha. Mimi ni golikipa, nina miaka 33, naishi Mwanza. Niliwahi kuitwa kambi ya Taifa Stars na nikakaa benchi mechi mbili za kufuzu. Nimecheza Ligi Kuu, kisha Championship, na msimu uliopita mkataba uliisha, timu haikuniongeza. Bega la kulia limenitoka mara mbili na sasa likichoka linauma usiku. Shule moja huku Ilemela imeniomba nifundishe makipa wao, wavulana na wasichana, na timu ya ndondo, mechi za mtaani, inanitaka nikadake. Kijiweni naambiwa kipa aliyefika Stars hana haja ya kusomea ukocha. Wengine wanasema kocha wa makipa ni mpiga mashuti tu, hela yake ya soda. Nimeshaanza kwenda pale shuleni, ila watoto hawaelewi ninachowaonyesha na najikuta nina hasira. Niendelee kucheza au niingie kwenye ukocha? Na nianzie wapi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Naona umefunga maswali matatu kwenye mzigo mmoja. Je, umri wako umekwisha? Je, ukocha wa makipa ni kazi ya kumlisha mtu na familia yake? Na kwa nini watoto hawakuelewi, wakati hapo uwanjani hakuna anayeijua kazi hiyo kukuzidi? Hilo la tatu umelitaja kwa kupita tu, lakini ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Umri tuumalize haraka. Dino Zoff alinyanyua Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa nahodha wa Italia na umri wa miaka 40. Essam El-Hadary wa Misri alipangua penalti ya Saudi Arabia kwenye Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45. Kwa golikipa, 33 ni umri wa kuanza kuona mambo mapema kuliko zamani. Anayekuambia umezeeka anakupimia kwa kipimo cha winga. Kinachoweza kukusimamisha wewe ni bega, na bega nitalifikia.

Sasa hao wa kijiweni wanaosema jezi ya taifa inatosha. Kuna mifano mizuri upande wao. Juma Pondamali, wazee wanamwita Mensah, alikuwa langoni enzi za Taifa Stars ile iliyokwenda Fainali za Afrika za 1980 kule Nigeria, na baadaye akawa kocha wa makipa wa Yanga na wa Stars yenyewe. Thomas N'Kono wa Kameruni alikuwa Mchezaji Bora wa Afrika mara mbili, 1979 na 1982, akadaka Espanyol ya Hispania kwa miaka mingi, kisha akarudi hapohapo kufundisha makipa. Golikipa wa Italia, Gianluigi Buffon, alimtazama N'Kono kwenye Kombe la Dunia la 1990 akiwa mtoto, akataka kuwa golikipa, na alipopata mwana akampa jina la Thomas kwa heshima yake. Kwa hiyo jina kubwa linafungua mlango, sikatai.

Lakini mtazame Frans Hoek. Huyu alidaka Volendam ya Uholanzi maisha yake yote ya mpira na hakuwahi kuichezea timu kubwa ya taifa. Ndiye aliyemfundisha Edwin van der Sar pale Ajax. Ndiye aliyekuwa kocha wa makipa wa Uholanzi mwaka 2014 nchini Brazil, robo fainali dhidi ya Costa Rica, pale kocha mkuu Louis van Gaal alipomtoa kipa Jasper Cillessen dakika za mwisho kabisa za nyongeza na kumwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti. Krul aliokoa mbili, Uholanzi ikapita. Watu waliona ujasiri wa van Gaal. Mimi naona maandalizi: mtu aliyekaa na makipa watatu, akajua nani anafaa kwa saa ipi, na akamwandaa wa akiba kana kwamba ataingia.

Kuna mwingine ninayependa kumsimulia zaidi, kwa sababu kazi ya kocha wa makipa inaonekana kwake hata kwa asiyejua mpira. Andreas Köpke alikuwa golikipa wa Ujerumani iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1996, na katika nusu fainali pale Wembley ndiye aliyeokoa penalti ya Gareth Southgate. Mwaka 2004 akawa kocha wa makipa wa timu hiyohiyo. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2006, Berlin, Ujerumani na Argentina wakaenda kwenye matuta. Köpke akampa Jens Lehmann kipande cha karatasi ya hoteli chenye majina ya wapigaji wa Argentina na upande ambao kila mmoja hupenda. Lehmann akakichomeka kwenye soksi, akawa anakichungulia kabla ya kila pigo. Akaokoa ya Roberto Ayala. Alipofika Esteban Cambiasso, jina lake halikuwamo kwenye karatasi. Lehmann akaisoma vilevile, taratibu, mpigaji akimwona, kisha akaokoa na hiyo. Köpke hakupiga shuti hata moja siku ile. Kazi yake ilikuwa imeshafanyika chumbani, mbele ya mikanda ya video, na ilikuwa imeandikwa kwa maneno machache ambayo mtu mwenye mapigo ya moyo juu anaweza kuyasoma.

Nimelitaja neno "maneno" kwa makusudi, na hapa ndipo tunaporudi kwa watoto wako wa Ilemela.

Wewe unajua kudaka kwa mwili. Penalti inapigwa kutoka mita 11. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa unafika mstarini ndani ya sekunde 0.4 hivi. Jicho na misuli ya binadamu vinahitaji kama sekunde 0.2 kuanza tu kuitikia. Ukipiga hesabu, hakuna anayeweza kusubiri mpira uondoke mguuni halafu aruke mita 3.66 hadi kwenye nguzo na kuufikia ukipigwa pembeni kabisa. Hivyo golikipa mzoefu anasoma kabla: mguu wa kukanyagia umeelekea wapi, nyonga imefunguka kiasi gani, mpigaji amepunguza hatua wapi. Ni vivyo hivyo kwa shuti la mchezo wa kawaida na kwa krosi. Sehemu kubwa ya kazi inaisha kabla mpira haujapigwa, na wewe umeirudia mara nyingi mno hadi haipiti tena kwenye mawazo. Mtoto akikuuliza umejuaje, unamwambia "soma mchezo", "kuwa makini", "toka mapema". Kwako maneno hayo yamejaa. Kwake ni matupu. Unaruka kumwonyesha, anaona mtu mzima ameruka vizuri, anakupigia makofi, na hajajua kitu. Halafu unakasirika.

Kwa hiyo hasira yako haitokani na ubovu wa watoto wala haina maana huna kipaji cha kufundisha. Unajaribu kutoa kitu ambacho hujakifungua. Kukifungua kunachukua muda, na ndiyo sababu kipa wa timu ya taifa anahitaji kusoma kama mwingine yeyote, pengine zaidi.

Nikupe mfano mmoja utakaoufanyia kazi. Mtoto amefungwa shuti la chini, karibu kabisa na nguzo yake. Uwanja mzima unapiga kelele: mikono! Mwangalie miguu. Mara nyingi utakuta wakati mpira unapigwa alikuwa bado anatembea, mguu mmoja hewani, uzito uko upande mwingine. Mtu aliye hewani hawezi kusukuma ardhi, na asiyesukuma ardhi haruki. Jambo la kumfundisha hapo ni kusimama imara kabla ya shuti: miguu upana wa mabega, magoti yamelegea, uzito mbele ya nyayo, viganja viko mbele ya mwili. Mwambie asogee wakati mpira unasogea na atulie mpigaji anapoinamisha kichwa. Hilo ni agizo ambalo mtoto wa miaka 12 anaweza kulifuata.

La pili ni mahali pa kusimama. Chukua kamba mbili za katani, funga moja kwenye kila nguzo chini, zivute zikutane pale mpira ulipo. Mweke kipa katikati ya kamba. Mwambie asimame mstarini, anyooshe mikono, aone pengo lililobaki kila upande. Kisha asogee mbele hatua mbili, tatu. Pengo linapungua mbele ya macho yake. Asogee zaidi, halafu wewe mrushie mpira juu ya kichwa, aone pia hasara ya kutoka kupita kiasi. Hamisha mpira pembeni, vuta kamba upya. Mtoto aliyeona zile kamba haambiwi tena "punguza angle", maana ameiona. Na wewe mwenyewe, ukikaa kwenye nafasi ya mpigaji na kutazama zile kamba, utagundua mambo ambayo mwili wako ulikuwa unayafanya miaka yote bila kukuambia.

Kingine kinachohusu mahali ulipo. Mchana bara likipata joto, upepo huvuma kutoka ziwani, na viwanja vingi vya huko vinaupata vizuri jioni, saa za mazoezi. Krosi inayokwenda dhidi ya upepo inakaa hewani, kipa anakuwa amewahi na anaipita. Inayokwenda na upepo inamkimbia. Wafundishe kuangalia bendera za kona kabla ya kila kipindi, na wachelewe hatua moja ya kwanza kwenye krosi ndefu. Makipa wanaokuja kucheza uwanja wa CCM Kirumba kutoka mikoa isiyo na ziwa hawalijui hilo, wako walijue.

Na sasa hili la "mpiga mashuti tu". Linanikera, nalisema wazi, kwa sababu linaumiza watoto. Mtu mzima anayesimama mita 12 na kumvurumishia mtoto mpira kwa nguvu zake zote anamfundisha woga, na anaweza kumvunja. Mifupa ya mtoto anayekua ina sehemu laini karibu na viungo, na kifundo cha mkono ndicho kinachopokea pigo. Wenye umri chini ya miaka 12 au 13 wape mpira namba 4. Rusha kwa mkono kabla ya kupiga kwa mguu. Kuanguka kufundishwe kwa hatua: kwanza ameketi, kisha amepiga magoti, kisha amechuchumaa, mwisho amesimama, atue kwa ubavu wa paja na nyonga na upande wa mwili, kamwe asitue kwa kiwiko wala tumbo. Viwanja vya Mwanza vingi ni changarawe na mawe, kwa hiyo tafuta kona yenye nyasi au nenda kwenye mchanga wa ufukweni. Ila mkienda ufukweni, msiwaache wakaoge ziwani baada ya mazoezi. Maji ya kina kifupi yenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na ukanda huo ugonjwa huo upo.

Kwa timu ya wakubwa, kocha wa makipa ana mashuti yake, sawa, lakini ana mengine mengi. Tangu sheria ya 1992 ilipomkataza kipa kuushika mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, golikipa ni mchezaji wa kumi na moja kwelikweli, na anahitaji miguu. Tangu 2019 mpira wa goli, ule unaoanzishwa langoni, mwenzake anaruhusiwa kuupokea ndani ya boksi, kwa hiyo timu nyingi zinaanzia kwa kipa. Tangu 2025 akishikilia mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Yote haya yanafanyiwa mazoezi. Juu ya hayo, kocha huyu anaishi na kundi dogo la watu watatu ambao mmoja tu ndiye anacheza. Wawili wanaobaki wanafanya mazoezi mazito sawasawa, wanapasha misuli, wanarudi benchi, wiki baada ya wiki. Kuwaweka tayari bila kuwadanganya ni kazi ngumu kuliko kupiga mashuti. Wewe ulikaa benchi la Stars. Najua huenda kwako ni kumbukumbu chungu, lakini kwa kazi hii ni mtaji mkubwa kuliko mechi ambazo ungecheza. Kipa namba mbili atakuamini.

Pesa. Sitakupamba. Ligi Kuu ina timu 16, na kila timu ina nafasi moja ya kocha wa makipa, pengine na msaidizi. Timu kubwa mara nyingi huchukua kutoka nje. Ukitegemea nafasi hizo peke yake, foleni ni ndefu. Shule na vituo vya vijana vinalipa kidogo, lakini ni vingi, na huko ndiko kuna uhitaji wa kweli, maana makipa wengi wa Tanzania wanafika miaka 18 bila kufundishwa na mwalimu wa nafasi yao. Mwanza una bahati: kuna utamaduni wa mpira wa shule, kuna timu ya Alliance iliyojengwa juu ya vijana, timu ya Pamba imerudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya miaka mingi nje. Upande wa wasichana pengo ni kubwa zaidi. Kocha anayejua kumfundisha golikipa wa kike kwa utulivu hatakosa wa kumtafuta. Hapo shuleni kwako usiwaweke wasichana pembeni wakiokota mipira.

Ningekuwa wewe ningeikubali kazi ya shule sasa, hata kwa malipo madogo, ilimradi yaandikwe. Muda wa mkataba, siku za mazoezi, malipo na tarehe yake, nauli, na nani anatibu mtoto akiumia. Kipa huanguka na kugongwa, usikubali hilo la mwisho libaki hewani. Wakati huohuo nenda ofisi za chama cha soka cha mkoa, MZFA, uulize kozi ya ukocha ya ngazi ya chini inayofuata, ile ya leseni D ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, uandikishe jina. Ndiyo ngazi ya kwanza, huwezi kuruka kwenda C, B na A bila hiyo. Kozi za makocha wa makipa peke yao nazo huandaliwa, lakini ukienda bila msingi wa ukocha wa jumla utakuwa unafundisha mtu asiye na timu mbele yake. Ukiwa na cheti cha sekondari na unaweza kukaa darasani muda mrefu, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko mkoani kwako, wilaya ya Kwimba. Kipo jirani kiasi kwamba sitaelewa ukiniambia hukwenda hata kuuliza.

Tafuta daftari. Kila baada ya mazoezi andika kitu kimoja ulichoona mtoto akikosea na maneno uliyotumia kumwelekeza. Kama hayakufanya kazi, kesho tumia mengine. Mpaka leseni itoke, daftari hilo litakuwa limeshakufanya kocha.

Sasa bega, na hapa naomba unisikilize kwa makini.

Bega ni kiungo chenye kikombe kifupi. Kinachoshika mfupa wa mkono mahali pake ni mishipa, utando na misuli inayouzunguka. Likitoka mara ya kwanza, sehemu ya vizuizi hivyo huchanika. Likitoka mara ya pili, limekuonyesha kwamba havikupona vizuri. Na mkao unaolitoa kirahisi zaidi ni mkono ukiwa umenyooshwa juu na pembeni, yaani mkao uleule wa kuruka kuokoa. Kwa mtu aliyepita miaka 30, maumivu ya usiku na uchovu unaousema yanaweza kumaanisha kano za misuli ya bega nazo zimeumia. Sisemi ndivyo, sijakuona, na hili halijibiwi kwa barua. Nenda hospitali, na ukiwa Mwanza nenda kliniki ya mifupa ya Bugando ukapimwe kwa mikono, ukapigwe picha, na umuulize daktari swali moja lililonyooka: nikiendelea kuruka na bega hili, nini kitatokea? Akikuandikia mazoezi ya tiba ya viungo, yafanye hadi mwisho, hata maumivu yakiisha mapema.

Usimeze vidonge vya maumivu kila siku ili udake. Vinakuficha dalili, na vikizoeleka vinachosha tumbo na figo. Likitoka tena, asilivute mtu uwanjani, hata awe amewahi kurudisha mabega mangapi. Lifunge kwa kitambaa kifuani uende hospitali siku hiyohiyo, na ukimbie zaidi ikiwa vidole vimekufa ganzi, mkono umepoa au umebadilika rangi. Na ile hasira, kama inakufuata nyumbani, usingizi umekata au pombe imeongezeka tangu mkataba uishe, mwambie daktari huyohuyo. Wachezaji wengi hupita hapo timu inapowaacha, na kuna msaada.

Timu ya ndondo iambie isubiri jibu la daktari. Akikuruhusu, cheza, na fundisha vilevile. Kucheza na kufundisha vinaweza kwenda pamoja misimu miwili mitatu. Akikukataza, mkubalie. Shuleni unaweza kuanza wiki hii, kwa kamba, kwa kurusha mpira kwa mkono wa kushoto, na bila kuruka hata mara moja.